Santuri za Kuita Manamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Karani Anania aliniketisha juu ya gunia la mahindi pale kambini Makambako, akaweka kinanda cha santuri mezani, akaniambia nitazame mikono yake tu, nisisikilize. Akazungusha mkono wa chuma kukaza kamani, akabadili sindano, akafuta santuri kwa kitambaa laini, akashusha kichwa cha sindano polepole. Wimbo ulipokwisha akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona sanduku linaimba.

"Basi umesikiliza," akasema. "Kesho tena."

Siku ya tatu ndipo nikaelewa. Kamani ni ule utepe wa chuma ndani ya kinanda. Ukikazwa kidogo wimbo unalegea katikati, ukikazwa kupita kiasi unakatika, na kupata mwingine ni mpaka Dar es Salaam. Sindano ilikuwa ya kutupwa kila baada ya wimbo, maana ikishakuwa butu inakwangua njia za santuri. Vijana wa leo mnafungua redio ya betri kwa kidole kimoja huku mnakula. Sisi kusikia wimbo mmoja ilikuwa kazi ya mikono, na mtu aliusikiliza amesimama, kofia mkononi.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Ninaandika hivi hivi nilivyo, binti yangu ambaye ni mwalimu ananakili na kunyoosha. Yaliyonyooka ni yake.

Sasa kazi yenyewe. Ilikuwa kabla ya vita ya Hitla. Mashamba ya mkonge ya huko chini yalitaka watu, na watu walitafutwa kwetu juu, Ubena na Ukinga, kwa sababu kwetu kodi ilikuwa ile ile ya wengine na kazi ya mshahara haikuwapo. Waliokwenda waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Mkubwa wetu alikuwa Wakala, Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Hobdei, ambaye alifika kambini mara moja kwa mwezi, akatia sahihi bila kuketi. Chini yake alikuwa Karani Anania, na huyo ndiye aliyekuwa kambi. Chini ya Karani alikuwa nyapara wa kulinda geti. Halafu mimi, mpiga santuri.

Tulizunguka vijiji kwa lori. Karani hakuwahi kuhubiri mkonge. Alisema maneno hayafiki mbali kama kinanda. Nilipiga nyimbo tatu kwa mpango, na mpango haukubadilishwa. Wa kwanza ulikuwa wimbo wa kanisa, wa lugha ambayo hata Karani hakuijua. Huo ulikuwa wa wazee: wakiusikia walituona watu wa Mungu, wakatupa viti. Wa pili ulikuwa ngoma ya pwani yenye zumari, wa akina mama, ili wacheke na wasiwaite watoto wao nyumbani. Wa tatu ulikuwa dansi la gita, na huo ulikuwa wa vijana. Hapo ndipo palikuwa na ufundi. Gita likishawaingia magotini, mtu anaanza kutikisika bila kujijua, Karani alinitazama, nami nikainua sindano wimbo ukiwa katikati. Tuliita kukata. Halafu Karani alisema kwa upole kabisa kwamba anayetaka kusikia uliobaki aje Makambako, chakula kipo, blanketi lipo, na kinanda kinapigwa kila siku. Karatasi zilikuwa tayari, na wino wa dole gumba ulikuwa tayari.

Msiwacheke. Ninyi hamjawahi kunyang'anywa wimbo mdomoni.

Mimi mwenyewe nilikuwa mgonjwa wa huo wa tatu. Karani akienda kula mchana, nilijifanya nasafisha kinanda, nikaupiga mpaka mwisho. Nyumbani kwetu Igwachanya nilikulia nyimbo za sauti nne za kanisani. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na nyimbo zote za nje alizifungia mlango. Mwaka mmoja wa kinanda ulitosha kunifanya nizione hizo za nyumbani ni za watu waliochoka. Nilipokwenda kusalimia nilikuwa nikipiga mluzi wa gita mezani, na baba akisema, "Huo mluzi uache nje na viatu."

Huko Matamba, karibu na Kitulo, ndiko nilikojifunza jambo la baridi. Kinanda kina grisi ndani, na asubuhi ya barafu grisi inaganda, sahani inazunguka kwa kuvuta miguu, mwimbaji anakuwa kama mtu anayeimba usingizini. Dawa ni kukiweka karibu na makaa kwa kiasi, ila santuri zenyewe uziweke mbali, maana zikipata moto zinajikunja kama chapati. Nililijua jambo hilo vizuri. Ndiyo maana, Karani aliposema kijiji kinachofuata ni cha kwetu, nikafikiri nina akili.

Nilikuwa na mdogo wangu, Lutengano, aliyebaki na baba shambani. Mimi nilipoondoka yeye ndiye aliyekuwa mikono yote ya nyumba ile. Kanisani aliimba besi, sauti nene ambayo haikulingana na mwili wake mwembamba. Sikutaka aende mkonge. Nilikuwa nimewaona waliorudi. Lakini kumwambia mbele ya Karani usije ilikuwa kupoteza kazi, na kumtumia neno mapema sikuthubutu. Basi nikafanya ujanja wa fundi: tulilala karibu na Igwachanya, na alfajiri nikakiacha kinanda nje kwenye umande ulioganda. Nikasema dansi likitoka bovu, vijana watacheka na kwenda zao.

Walicheka kweli. Tulisimama uwanjani mbele ya kanisa, nikapiga wa kwanza, ukatoka kama mazishi. Wazee wakaupenda zaidi. Zumari la wimbo wa pili lilitoka kama ng'ombe, na akina mama wakashikana mbavu. Ulipofika wa tatu gita lilikuwa linatambaa, na kijana mmoja akaniuliza, "Mnyalukolo, ndugu yangu, huyo mtu wako wa ndani ana mafua?"

Lutengano hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya ile pembe ya kinanda inakotokea sauti, akainamisha kichwa.

"Mwacheni," akawaambia wenzake. "Anaimba besi. Sijawahi kumsikia mtu wa mbali akiimba kama sisi."

Akaanza kumfuata chini chini. Wale waliokuwa wakiimba naye kanisani wakaingia, mmoja mmoja, kila mtu na sauti yake, na lile dansi la pwani likageuka kitu ambacho sijakisikia tena maishani. Karani Anania alinigonga bega, macho yanang'aa. Alifikiri nimefanya makusudi. Akanong'ona kwamba leo nimevumbua kitu, kuanzia sasa vijiji vya Wabena tutapiga pole pole.

Jua likapanda likapiga sanduku. Grisi ikalainika, wimbo ukaanza kukimbia, na wao wakakimbia nao, sasa wanacheza, vumbi linatimka. Karani akanitazama. Ningeweza kuuacha umalizike. Ningeweza kusema sindano imekwama, kamani imekatika, lolote. Mkono wangu ulikuwa umeshafundishwa. Ukakata.

Waliweka dole vijana tisa. Wa kwanza alikuwa Lutengano. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa. Alimwambia Lutengano achukue sweta.

Kambini Makambako siku ile ile Lutengano aliniomba kipande kilichobaki. Nikampigia. Akasikiliza mpaka sindano ikaanza kukwaruza katikati.

"Ndiyo hii tu, kaka?"

"Ndiyo hiyo."

"Mwisho wake ni kama mwanzo," akasema, akacheka, nami nikacheka.

Walikuwa wanangoja malori ya kuwapeleka reli ya Dodoma. Malori yalichelewa, na watu wa vijiji vingine waliendelea kuletwa. Bweni lilijaa mpaka watu wakalala kwa ubavu. Makambako ni mahali pa upepo, na Karani aliamuru madirisha yapigwe mbao, eti baridi isiwaumize. Siku ya nane mtu wa kwanza akaamka na kichwa kinachopasuka na shingo isiyopinda. Jioni amekufa. Kesho yake wawili.

Leo najua ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba inapenda watu waliosongamana penye hewa mbaya. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: Njombe kulikuwa na dresa wa serikali, mganga msaidizi, na akija ataifunga kambi. Karani alijua hivyo hivyo. Akamtumia Wakala barua. Wakala akajibu kwamba malori yatafika Jumatatu na idadi isipungue. Barua hiyo Karani alinisomea mwenyewe, kwa sauti, kana kwamba inatuosha sote. Halafu akaniagiza nipige kinanda kutwa nzima karibu na bweni, watu wasisikie wanavyolia wenzao wakatoroka.

Nikapiga. Hapo ndipo wimbo ule wa gita ulipoanza kuniharibikia. Ukipigwa mara moja ni sukari. Ukipigwa kutwa juu ya kilio cha mtu unakuwa kitu kingine, na huwezi tena kuutenganisha.

Ijumaa Lutengano alikuja nilipokuwa nabadili sindano. Akachuchumaa kama mtu anayetazama kazi.

"Kaka, kesho mchana piga ule wa gita. Usiukate. Nyapara anaupenda, ataliacha geti aje kusimama kwako kama kawaida yake. Mimi na wenzangu wawili tutapita."

Nikamwambia ameshaweka dole. Mtoro wa kandarasi anafungwa jela.

"Bora jela yenye dirisha," akasema.

Nikamwambia avumilie, Jumatatu malori yanakuja, wataondoka mahali hapa, na huko chini kuna joto na hospitali. Nilisema yote hayo kwa sauti ya mkubwa. Niliiogopa kazi yangu, basi. Karani angejua ni nani aliyemvuta nyapara. Lutengano alinitazama kidogo. Kwetu mdogo habishani na kaka yake.

"Haya, kaka," akasema, akaenda.

Jumamosi mchana nilipiga wimbo wa kanisa. Nyapara hakuondoka getini.

Jumapili kichwa cha Lutengano kikaanza kupasuka, na cha kwangu kikafuata kabla ya jua kuzama. Ninachokumbuka baada ya hapo ni dari jeupe la hospitali ya Njombe na dresa aliyesimama kushoto kwangu akichezesha midomo bila sauti. Nikadhani ananitania. Akahamia kulia, ndipo nikamsikia. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na limebaki hivyo. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi. Akauliza jina, akatazama karatasi aliyopewa na kambi, akasema mtu huyo hayumo katika wagonjwa wala katika waliokufa. Ameandikwa mtoro.

Nilifurahi. Siku mbili nzima nilikuwa mtu mwenye furaha, nikimwona Lutengano anavuka mashamba ya ulezi na sweta lake. Siku ya tatu akaletwa mpishi wa kambi, mgonjwa, akaniambia ukweli. Lutengano alifia mlangoni mwa bweni Jumatatu asubuhi, malori yanaunguruma nje. Alizikwa nyuma ya kambi pamoja na wengine. Waliokufa Karani aliwaandika watoro karibu wote, kwa kuwa mtoro serikali haiulizi amekufaje, inamtafuta tu. Na Wakala alitia sahihi, bila kuketi.

Wakamtafuta kweli. Askari wa jumbe walikwenda kwa baba Igwachanya mara mbili, wakapekua mpaka ghala la mahindi. Nilipopata nguvu nilikwenda kumwambia baba kwamba mwanawe amekufa. Hilo nililisema. Mengine sikuyasema, hata alikofia, na neno la mtoro likabaki.

Baada ya hapo nilipata kazi Njombe mjini, dukani kwa Mhindi mmoja aliyeitwa Jivan, mtu mkali lakini wa haki. Alikuwa akiuza vitambaa, taa na santuri. Mimi nilitengeneza vinanda na kuwapigia wateja kabla ya kununua. Kwa kazi hiyo nimeona namna watu wanavyobadilika masikioni, jambo ambalo mtu wa kawaida halioni. Walimu wa kanisa walianza kwa kununua nyimbo za dini, wakitazama nyuma. Baada ya vita wakaja askari waliorudi Bama na Habeshi, hao hawakutazama nyuma. Walitaka rumba, na walinifokea nikiwawekea zumari. Wale wale, miaka kumi baadaye, wamenenepa, wana watoto, wakanijia kuuliza kama sina ngoma za kwetu, za Kibena, zile walizozikimbia. Sikuwa nazo. Hakuna aliyezitia kwenye santuri. Akina mama walikuwa waaminifu zaidi: mwanamke akishapenda wimbo mmoja anaununua tena ukivunjika. Jivan alisema mwanaume hununua anachotaka kuonekana anakipenda.

Mimi mwenyewe sikuweza kusikia gita. Mteja akitaka la gita nilimwita Jivan ampigie, nikaenda nyuma kupima kitambaa. Sikio moja lina tabia zake pia: sauti nyembamba hunipotea, nene hubaki, na watu wengi wakiimba pamoja sijui nani yuko wapi. Nikawa mtu wa sauti moja, nene, peke yake. Nikaona nimekuwa kama baba.

Lakini nitasema jambo ambalo watu wa umri wangu hawalisemi. Chuki nayo huchuja. Mwaka juzi, redio ya mkahawa wa jirani ilikuwa inapiga gita, nami nikajikuta nagonga meza kwa kidole. Nilikuwa nimefika katikati ya wimbo ndipo nikakumbuka kwamba siupendi. Niliuondoa mkono mezani kama niliyeshika chuma cha moto. Kilichoniogopesha si wimbo. Niliogopa kwamba nimeanza kumsahau.

Ni katika mwaka huo Karani Anania aliingia dukani. Mzee sasa, fimbo, miwani, mtu wa kiti cha mbele kanisani. Hakunitambua. Alisema anataka santuri ya nyimbo za dini, zile za taratibu.

"Siku hizi makelele siyawezi," akasema. "Ujanani tulipenda magita. Umri unasafisha masikio."

Nikampigia anayoitaka. Akafumba macho. Nilingoja umalizike, sikukata. Kisha nikamuuliza kama analikumbuka bweni la Makambako na madirisha yake. Alifumbua macho, akanitazama upande mmoja, halafu mwingine, akanijua.

"Kamwene," akasema.

Nikamwambia sitaki salamu. Nataka aniambie, hapa, mbele ya Jivan, kwamba Lutengano hakuwa mtoro. Kwa miaka yote hii baba yangu amekaa kanisani na neno hilo.

Sikuona hasira usoni mwake.

"Hakuwa mtoro," akasema. "Niliandika hivyo kwa sababu niliogopa. Nimetubu hilo, na Mungu anajua. Lakini wewe unazungumza kana kwamba hukuwapo. Mimi nilikuwa naandika tu. Aliyemwita ni wewe."

Alichukua santuri yake, akamshukuru Jivan, akatoka.

Miezi mitatu baadaye niliacha kazi. Jivan alifikiri ni sikio, nami nikamwacha afikiri hivyo. Sasa nalima viazi. Binti yangu ameniletea redio. Nasikiliza habari na bei za mahindi, muziki ukija naacha uje, wa gita na usio wa gita, kwa sikio nililobakiwa nalo. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi ya zamani wanataka kujua vinanda, kamani, sindano. Hayo nimewaandikia. Mtaambiwa pia kwamba wakati ule watu walikufa kwa ugonjwa. Walikufa kwa Karani Anania aliyepigilia madirisha, na kwa Bwana Hobdei aliyetaka idadi isipungue. Binti yangu aliniomba niishie kwa majina hayo mawili. Nimemwambia aongeze la baba yake.

Kwa baba nilikwenda Jumapili moja, baada ya ibada. Yeye sasa haoni vizuri, anaota jua ukutani. Nikamwambia Karani amekiri, Lutengano hakutoroka. Akaitikia kwa kichwa. Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema. Nikaendelea. Nikamwambia alitaka kutoroka, akaja kwangu kuomba wimbo mmoja tu wa kumvuta nyapara, nikamnyima.

Mkono wa baba ukatafuta fimbo bila kuipata. Nikampa.

"Miaka yote nimeona haya kuitwa baba wa mtoro," akasema. "Bora angekuwa."